Fungu la Damu

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo Daktari Shija Mabula aliiamuru mashine irudie hesabu, na kwa mara ya tatu mashine ikamjibu, kwa adabu ileile ya kuudhi, kwamba dawa haikusaidia kitu.

Ukutani palikuwa na mistari miwili ya nguvu za figo, na wa tatu chini yake. Wa buluu ulikuwa wa mapacha waliopewa dawa yenyewe, iliyoitwa Tuliza. Wa njano ulikuwa wa ndugu zao, waliopewa kidonge chenye rangi ileile na uchungu uleule lakini ndani yake unga mtupu, kile ambacho watu wa maabara walikiita kidonge hewa. Ndani ya miaka mitatu mistari hiyo ilipaswa kuachana: wa buluu ubaki juu, wa njano uteremke kadiri figo zilivyochoka. Lakini ilikuwa imeng'ang'aniana tangu mwanzo hadi mwisho, huwezi kupitisha uzi katikati.

"Haiwezekani," Shija alisema. "Hata pacha wasiopewa kitu chochote huachana kidogo. Mmoja anaumwa malaria, mwingine anapenda chumvi. Hawa hawaachani kabisa."

Profesa Kaijage, mkuu wa Kituo cha Pacha, aliketi nyuma yake akinywa chai. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na wema wa mtu aliyechoka haumfai yeyote. "Shija, mwanangu, hesabu haibembelezwi. Figo kavu ni ugonjwa wa damu. Ijumaa Bodi inakaa, tutie saini, tuendelee na mengine."

"Na hili je?" Shija alionyesha mstari wa tatu, mwekundu, uliokuwa chini kabisa. "Huu ndio utabiri wa Ramli. Kufikia sasa wengi wao walipaswa kuwa kwenye mashine za kusafisha damu. Hawapo huko! Mistari yote miwili iko juu ya utabiri."

"Basi Ramli ilikosea kidogo. Itarekebishwa."

Ramli lilikuwa jina la utani. Jina la kiserikali lilikuwa refu na hakuna aliyelikumbuka. Ulikuwa ni mfumo uliompima kila mtoto damu siku ya kuzaliwa na kumpangia magonjwa yake ya baadaye, na kila ugonjwa ndani yake ulikuwa na fungu la damu, yaani sehemu inayotoka kwa wazazi, mbali na ile inayotokana na chakula, maji, kazi na bahati mbaya. Fungu hilo lilipatikana kwa kuchunguza mapacha. Pacha wa kufanana wametoka katika yai moja na urithi wao ni mmoja, kwa hiyo mmoja akiugua na mwenzake akabaki mzima, kosa si la damu. Wakiugua wote, na pacha wasiofanana wakawa hawaugui pamoja hivyo, damu inaanza kushukiwa.

Hadi hapo sayansi ilikuwa safi. Uchafu ulianza pale wanasiasa waliposoma ukurasa wa kwanza na kuuacha wa pili. Wakatunga sheria kwamba ugonjwa wenye fungu kubwa la damu, ambao hakuna dawa iliyothibitishwa kuubadili, hautibiwi kwa fedha za umma. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema bungeni, na wakapigiwa makofi. Figo kavu, iliyokuwa ikiwamaliza watu wa nyanda zile, ilikuwa imebakiza jaribio hili moja. Jaribio likishindwa, ugonjwa ungefungwa, na mashine za kusafisha damu zingeng'olewa kwenye zahanati zote.

"Profesa, marehemu baba yako alivaa miwani?" Shija aliuliza.

"Alivaa."

"Na wewe unavaa. Macho mabovu ni ya kurithi, fungu lake la damu ni kubwa kuliko la figo kavu. Mbona unasoma?"

Kaijage alivua miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha. "Unajua kwamba najua," alisema. "Lakini miwani inaonyesha tofauti. Wewe nionyeshe tofauti. Una hadi Ijumaa."

Shija alichukua gari la kituo na kwenda kuzunguka vijijini, akiwa na hasira za kumtosha yeye na dereva, na dereva hakuwepo, gari lilijiendesha lenyewe. Siku mbili nzima alipiga hodi kwa akina Kulwa na akina Doto. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, basi jaribio zima lilikuwa na Kulwa wasiohesabika na Doto idadi hiyohiyo, na wote walimkaribisha kwa kiti, kwa maji, kwa habari za ng'ombe. Je, unameza kidonge chako kila siku? Kila siku, daktari. Hujawahi kuruka? Hata siku moja, daktari. Walimwonyesha makasha matupu. Walimtazama machoni. Kila mmoja alisema kweli, hilo alilihisi, na kila mmoja alikuwa anamficha kitu, na hilo pia alilihisi, akatamani kumshika mtu mmoja mabega na kumtikisa.

Siku ya Alhamisi mchana alifika kijiji cha Mwabusalu, kwa akina mama wawili waliokaribia miaka sitini, Kulwa na Doto binti Ng'wandu. Walikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba wakianika michembe, vipande vya viazi vikitapakaa kote kwenye jua.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ni Daktari Shija, wa Kituo cha Pacha."

Wale dada walitazamana wakacheka. "Shija!" alisema Kulwa, mkubwa, mwenye meno yote na ulimi wa kuyafaa. "Kumbe ni mdogo wetu. Panda huku, wa nyuma yetu."

Shija alikuwa amezoea. Mtoto anayefuata mapacha ndiye huitwa Shija, na pacha yeyote nchini akisikia jina hilo hujiona ana haki ya kumtuma maji. Yeye mwenyewe alizaliwa nyuma ya kaka zake wawili, na alikua akiwatazama wakigawiwa kila kitu sawasawa, ndipo yeye apewe kilichobaki. Alipanda juu ya jabali akiwa amevaa viatu vya ofisini na akaketi.

Doto alitoa vidonge viwili kwenye mfuko wa gauni, kimoja kutoka kasha lake na kimoja kutoka kasha la dada yake. Akampa Kulwa vyote viwili. Kulwa alikiweka cha kwanza kati ya meno, akakikata katikati kwenye mstari wake, kisha cha pili. Akampa Doto nusu ya hiki na nusu ya kile, naye akabaki na nusu mbili zilizosalia. Wakameza, wakashushia na maji ya kibuyu kimoja.

Shija alikaa amekodoa macho. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikipaa. "Mnafanya nini?"

"Tunameza dawa," alisema Doto. "Si ulisema kila siku?"

"Kila mtu chake! Mlielezwa siku ya kwanza! Mmoja ana dawa, mwingine ana unga mtupu, nyie mnachanganya! Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," Kulwa alijibu, na sasa hakuwa akicheka. "Na usitupigie kelele juu ya jabali la baba yetu. Wewe ni mtoto wa wapi usiyejua kwamba pacha hali peke yake? Mmoja akipewa na mwenzake akanyimwa, aliyenyimwa anaugua. Mama yako hakukufundisha?"

Alimfundisha. Hapo ndipo palipomuuma Shija. Soda moja nyumbani kwao ilimiminwa katika vikombe viwili, na mama yake alikuwa akiinama hadi jicho lilingane na soda, asije akampunja mmoja. Shija aliyaona hayo utoto wake wote, akasoma hadi akachakaa, akarudi kwao kupanga jaribio la kumpa pacha mmoja dawa na kumnyima mwenzake, na hakuna usiku hata mmoja alioketi akajiuliza watu wa kwao wangefanyaje. Alikuwa amezunguka nyumba ngapi? Wote walikata kwa meno, au kwa kisu, au kwa uzi. Nchi nzima ya mapacha ilikuwa imemeza nusu.

Na nusu ilikuwa imefanya kazi! Ndiyo maana mistari yote miwili ilikuwa juu ya utabiri. Alitaka kucheka na kutukana kwa pamoja.

"Sikilizeni, mama zangu," alisema, akijilazimisha kwenda taratibu. "Dawa hii inafaa. Lakini kwa vile mmegawana, mashine inaona hakuna tofauti, na kesho inasema haifai. Watu wote wenye figo kavu wataachwa wafe. Kanuni inaniruhusu kuomba miezi sita ya nyongeza. Naomba, kwa miezi hiyo sita tu, kila mmoja ameze chake."

"Halafu?"

"Halafu tofauti itaonekana."

"Tofauti ndiyo nini?" Doto aliuliza. "Sema kwa Kiswahili cha kawaida."

Shija alitafuta namna nyingine ya kusema akaikosa. "Mmoja wenu ataendelea vizuri. Mwenzake hali yake itashuka."

"Nani?"

"Mimi sijui. Na nyie hamtakiwi kujua."

Kulwa alianza kugeuza viazi, kimoja kimoja, kwa nguvu zisizohitajika. "Kwa hiyo hicho ndicho mlichotaka miaka yote hii. Nikae na huyu kwenye chungu kimoja, nimwone anavimba miguu, na dawa yake ninayo mimi tumboni. Na siku akifa mtoe mkono mseme asante mama, tofauti imeonekana."

Hakuna kitabu kilichowahi kumwambia Shija jambo hilo kwa maneno hayo. Vitabuni liliitwa kundi la kulinganisha.

"Basi nitawaambia Bodi ukweli," alisema. "Kwamba mligawana. Damu yenu iko kwenye majokofu, wataipima na kuona dawa kwa wote."

"Na bima?" Doto aliuliza upesi.

Hilo nalo. Kila jozi iliyoingia kwenye jaribio ilipewa bima ya ukoo mzima kwa maisha yao yote, na iliyovunja masharti ilinyang'anywa. Minza, binti wa pekee wa Kulwa, alikuwa na figo kavu tangu ujana, na kila wiki alikwenda zahanati kusafishwa damu kwa bima hiyo. Ukiwataja hawa utawataja wote, na ukiwataja wote utawaua akina Minza wa nyumba zote ili kuwaokoa akina Minza wa nyumba nyingine.

"Nenda kaseme," Kulwa alimwambia. "Lakini upite kwanza zahanati, ukaagane na Minza."

Shija alishuka jabali bila kuaga. Ndani ya gari alipiga kiti ngumi mpaka mkono ukauma.

Ijumaa, kabla ya Bodi kukaa, aliingia ofisini kwa Kaijage na kufunga mlango.

"Kosa ni langu," alisema akiwa amesimama. "Kwenye mpango wa kuchapa vidonge niligawa dozi. Wote wamepata dawa, nusu kila mmoja. Hakuna aliyepata kidonge hewa. Wapimeni damu mtaona."

Kaijage aliweka kalamu mezani. Vidonge vya jaribio vilichapwa kila mwezi na mashine ya kituo, vikatumwa, wala havikubaki. Hakukuwa na kidonge cha zamani cha kumsuta mtu. "Mashine hiyo inafunguliwa kwa alama ya kidole changu mimi," alisema polepole.

"Niliibadilisha kabla hujaweka kidole."

"Shija."

"Profesa, andika hivyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Damu iliyo kwenye jokofu. Nayo ukiiuliza itakwambia nusu, haitakwambia nani aligawa."

Mzee alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Alielewa, Shija aliona wazi kwamba ameelewa kila kitu, na hilo lilizidi kumkasirisha, maana kama ilikuwa rahisi kuelewa hivyo kwa nini mtu aangamie ndipo ieleweke? "Hutagusa tena maabara," Kaijage alisema. "Na uongo umo ndani ya sayansi sasa. Hautoki."

"Ukweli ulikuwemo miaka mitatu na mkataka kutia saini kwamba dawa haifai."

Kaijage akaketi na kuandika.

Damu ilipimwa, na ilisema kama Shija alivyosema. Bodi ilimfutia leseni asubuhi, na alasiri ikajadili dawa. Mwanzoni alisikia habari njema: ugonjwa haukufungwa. Ramli ilikubali kwamba Tuliza inabadili mwendo wa figo kavu, mashine za zahanati hazitang'olewa, dawa itatolewa bure kwa kila mgonjwa. Alilia jikoni kwake, peke yake, kwa furaha iliyodumu mpaka aliposoma mstari wa dozi.

Nusu.

Alimpigia Kaijage simu akipayuka. Nusu inachelewesha tu! Dozi iliyokusudiwa ni kidonge kizima, kizima ndicho kilichotarajiwa kusimamisha ugonjwa! Kaijage alimwacha amalize. "Kilichothibitishwa ni nusu," alisema. "Ushahidi wa kizima haupo. Wameuliza, nani amewahi kumeza kizima? Ningewajibu nini? Na nusu ni bei nafuu, Shija. Wamefurahi sana na nusu yako."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, mwezi uliofuata alipanda basi hadi Mwabusalu, kwa kuwa hakuwa na gari tena wala kazi ya kumzuia, na kwa kuwa aliona ni haki wale mama wasikie kutoka kwake. Aliwakuta uani, na Minza akiwa amelala ndani, amerudi kutoka zahanati. Tayari walikuwa wamepokea mgao mpya, vidonge vidogo, vimechapwa nusu tangu kiwandani, kila mmoja chake. Walimkaribisha kiti na hakuna aliyemtania.

"Minza naye anameza," alisema Kulwa. "Tunakushukuru. Tumesikia uliyofanya, tumesikia na walichokufanya."

"Msinishukuru," Shija alisema. Akawaeleza.

"Kwa hiyo hii inamchelewesha tu," Kulwa alisema.

"Miaka michache. Labda zaidi."

"Na kizima kingemponya?"

"Sijui, mama. Nadhani. Katika nchi hii nzima hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukimeza."

Kulwa alijipapasa mkono wa kushoto, mahali ambapo punje ya kupima figo, kama ya kila pacha, ilikuwa imelazwa chini ya ngozi tangu jaribio lilipoanza. "Hii bado inapeleka habari?"

"Inapeleka. Ramli inaisoma kila siku mpaka mtakapokufa."

"Na pacha wakifanana kama sisi, tofauti ikionekana hawawezi kusema ni ya damu."

"Hawawezi," Shija alijibu, na hapo akaelewa mahali mama yule alikokuwa akielekea.

Kulwa alichukua kidonge chake kidogo, akaushika mkono wa dada yake, akakiweka juu ya kile chake. "Meza," alisema.

"Sitaki," alisema Doto.

"Viwili ni kizima. Meza vyote, mimi nisimeze, wakione kizima. Miezi sita, si ndivyo, Shija?"

"Mama, nilikosea kuwaomba vile. Siombi tena. Tutatafuta watu wengine, tutatafuta njia—"

"Wewe huna kazi, utatafuta ukiwa na nini? Na mwanangu yuko ndani." Kulwa hakupaza sauti. "Sikuweza kumtazama huyu akiteremka. Hilo siliwezi hata leo. Kuteremka mimi naweza."

"Na mimi je?" Doto alipiga kelele, na Shija hakuwahi kumsikia akipiga kelele. "Kutazama unanipa mimi? Umejichagulia lililo jepesi! Siku zote unachagua wewe!"

"Mimi ndiye mkubwa. Meza."

Doto alikaa ameshika vidonge vile hadi kiganja kikatoa jasho na vikaanza kuacha rangi. Alimtazama Shija, akingoja daktari amkataze. Na Shija, aliyekuwa ameomba jambo hilohilo juu ya jabali kwa adabu na kwa kanuni mkononi, hakumkataza. Mle ndani Minza alikohoa.

Doto akavimeza vyote viwili, bila maji, akamgeuzia dada yake mgongo, wala hakuzungumza naye tena siku ile.